Timu Nzima Benchi: Chuo Kinaposimamisha Kikosi Kuchunguza Uonevu wa Wachezaji Wapya

Tangazo lenyewe huwa fupi. Karatasi moja yenye muhuri, imebandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi: timu ya mpira wa miguu ya chuo imesimamishwa kufanya mazoezi na kushiriki mashindano yoyote kuanzia leo, hadi uchunguzi wa tuhuma za unyanyasaji wa wanafunzi wapya utakapokamilika. Hakuna jina la mtu, hakuna tarehe ya mwisho, hakuna neno juu ya kilichotokea. Mpaka jua linazama bweni zima lina kesi yake na hukumu yake. Wapo wanaosema kuna mtoto kapigwa mpaka kazimia. Wapo wanaosema ni fitina za mchezaji aliyekosa namba. Na wapo, wengi tu, ambao kilichotokea hakiwahusu. Wanachouliza ni kwa nini kipa ambaye usiku huo alikuwa kwao Newala kwenye msiba naye akae benchi.

Swali la kipa huyo ni zito kuliko linavyoonekana, na makala hii kwa kiasi kikubwa inamjibu yeye.

Tangazo nililolieleza ni la mfano, usianze kutafuta chuo. Lakini halijatoka hewani. Huko Marekani matangazo ya aina hii hutoka mara kwa mara, na kesi zao zimeandikwa na kubishaniwa mahakamani kiasi kwamba mtu wa Mtwara anaweza kujifunza humo bila kusubiri yamkute. Na mazingira tunayo. Mtwara na Lindi zina vyuo vya ualimu, vya afya, vya ufundi stadi, vya uhasibu, hata chuo kikuu kishiriki. Timu ya huku ikienda kwenye mashindano hukaa ndani ya basi mchana kutwa. Dar es Salaam peke yake iko zaidi ya kilomita 500. Ikifika hulazwa darasani, magodoro yamepangwa chini, mwalimu wa michezo yuko chumba kingine. Mchezaji mgeni anabaki pale usiku na watu wenye usemi juu ya nani acheze kesho.

Kati ya kubeba mipira na kupigwa mikanda

Kila timu ina kazi za wageni. Njuka, yaani mchezaji mgeni, ndiye anayebeba wavu wa mipira kutoka stoo, ndiye anayekusanya bibu baada ya mazoezi na kuzifua, ndiye wa mwisho kwenye foleni ya maji. Sidhani kama kuna mwenye akili timamu anayetaka timu isimamishwe kwa sababu ya bibu.

Tatizo ni kwamba ngazi ni moja, na anayeipanda haoni amefika kidato cha ngapi. Leo anafua bibu. Wiki ijayo anafua njumu na soksi za nahodha. Bumu, yaani pesa ya mkopo wa wanafunzi, likiingia anaambiwa atoe "kiingilio", wakubwa wanunuliwe chipsi na soda. Usiku wa kuamkia safari anaamshwa saa nane, anavuliwa shati, anamwagiwa maji ya ndoo, anaelekezwa apite katikati ya safu mbili za watu walioshika mikanda. Akipita anashangiliwa, anakumbatiwa, anapewa jina la utani. Akikataa hapigwi na mtu, ila kuanzia kesho yake hapati pasi.

Mpaka unawekwa wapi? Sheria ya shirikisho ya Marekani dhidi ya uonevu huu vyuoni, iliyosainiwa na Rais Joe Biden Desemba 23, 2024, inauliza maswali mawili ambayo naona yanafaa hata kwa kamati ya nidhamu ya chuo cha huku. La kwanza: je, kitendo kinahusiana na mtu kuingia kwenye kundi, kujiunga nalo au kubaki ndani yake? La pili: je, kinamweka kwenye hatari ya kuumia mwili au akili iliyozidi ile ya kawaida ya shughuli yenyewe? Kukimbia kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani, kama kilomita 10 hivi, kunatoa watu machozi. Lakini wanakimbia wote, kocha anajua, na lengo ni pumzi za dakika 90. Njuka mmoja kukimbizwa uwanja usiku, peku, huku wengine wamekaa wanacheka, hakumwongezei mtu pumzi.

Sheria hiyo hiyo inasema pia kwamba utayari wa aliyefanyiwa hauhesabiwi. Hapa ndipo wengi hukwama. "Si alikubali mwenyewe?" Ndiyo, huenda alikubali, na kesi ya Robert Champion inaonyesha kukubali huko kunafika wapi. Champion, kijana wa miaka 26, alikuwa mmoja wa viongozi wa mbele wa bendi maarufu ya Chuo Kikuu cha Florida A&M. Novemba 19, 2011, basi la bendi likiwa limeegeshwa Orlando baada ya mechi, alipita ndani yake kutoka mbele hadi nyuma huku wenzake wakimshushia kipigo. Ulikuwa utaratibu wa basi lile, wa kutafutia heshima. Alikufa siku hiyo hiyo. Hoja kwamba alipita kwa hiari ilifika mahakamani na haikufua dafu: kijana aliyetajwa kuwa kinara wa basi alitiwa hatiani mwaka 2014 kwa kuua bila kukusudia na kwa kosa la uonevu huo, akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 6. Bendi nzima, mamia ya wapigaji, ilifungiwa hadi 2013. Sababu ya kutotambua utayari ni rahisi kuielewa ukimtazama njuka wetu: anayechagua kati ya kupita kwenye mikanda na kukaa nje ya timu miaka miwili hajachagua sana.

Jambo jingine la kushangaza ni kwamba walioonewa wenyewe mara nyingi hawajihesabu. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Alfred, katika jimbo la New York, kilitoa utafiti kuhusu wanamichezo wa vyuo vya Marekani. Walipoulizwa moja kwa moja kama waliwahi kufanyiwa uonevu wa kuingia timuni, asilimia 12 walisema ndiyo. Walipoonyeshwa orodha ya vitendo, waweke alama kile kilichowapata, asilimia 80 walikuwa na angalau kimoja. Kwa hiyo mchunguzi anayeita kikosi kizima ukumbini na kuuliza "kuna aliyeonewa hapa?" atapata kimya, na kimya hicho hakimwambii chochote. Aulize: ulilala saa ngapi usiku wa Ijumaa? Nani alikuamsha? Shati lako lilikuwa wapi?

Kipa wa Newala ana kosa gani?

Wanaotetea kusimamisha timu nzima huwahi kusema samaki mmoja akioza wote wameoza. Ni methali nzuri, lakini ukiileta kwenye kikao cha nidhamu kama sababu umekwisha. Rufaa ya kwanza tu itaiangusha. Sababu ya kweli ni nyingine, na haimhusishi kipa na hatia yoyote.

Timu ndiyo inayotunza siri. Kukitokea wizi bwenini, mwizi ana lake na majirani hawana cha kupoteza wakisema walichoona. Katika jambo hili watuhumiwa, mashahidi na aliyeumizwa wanavaa jezi moja, wanapanda basi moja, wako kwenye grupu moja la WhatsApp. Anayeshauri kikosi cha Jumamosi anaweza kuwa ndiye aliyeshika mkanda. Njuka akiitwa kutoa maelezo asubuhi na jioni anatakiwa mazoezini na watu aliowataja, ni nani atakayeongea? Utafiti wa Elizabeth Allan na Mary Madden uliotoka 2008, uliowafikia wanafunzi zaidi ya 11,000 katika vyuo 53 vya Marekani, ulikuta kwamba kati ya waliotambua kuwa walifanyiwa uonevu huu, asilimia 95 hawakuripoti kwa uongozi. Hao ni wa nchi yenye ofisi maalumu, simu za bure na mawakili kila kona.

Kusimamisha timu, basi, kunakusudiwa kufanya mambo matatu: kuwatenganisha watu wanaoweza kupangana, kuzuia kitendo kisirudiwe wakati uongozi unajua kipo, na kuondoa ile nguvu ya "ukisema huchezi" kwa sababu sasa hakuna anayecheza. Hilo la tatu halizungumzwi sana, nami naliona kuwa ndilo lenye uzito. Maadamu mechi ipo Jumamosi, kila mchezaji ana kitu cha kulinda. Mechi ikiondolewa, mdomo unaanza kulegea.

Kisa cha Chuo Kikuu cha Vermont kinafundisha upande wa pili, yaani kinachotokea timu ikiachwa iendelee. Msimu wa 1999 kuelekea 2000, kipa chipukizi wa timu ya mpira wa magongo wa kwenye barafu alieleza jinsi wageni walivyodhalilishwa kwenye sherehe ya kuwaingiza. Chuo kikahoji wachezaji, kikatoa adhabu za kiasi, timu ikaendelea na ratiba. Kijana akaenda mahakamani. Baadaye ikabainika kwamba wachezaji hawakusema ukweli walipohojiwa. Januari 2000 chuo kikaufuta msimu wote uliobaki. Kilichoumaliza msimu, ukiangalia vizuri, ni uongo wa kwenye mahojiano kuliko hata ile sherehe.

Chuo Kikuu cha New Mexico State hakikungoja hivyo. Februari 10, 2023 kilisimamisha timu yake ya mpira wa kikapu ya wanaume baada ya mchezaji kueleza kwamba wenzake walikuwa wakimfanyia vitendo vya kumdhalilisha kijinsia. Siku mbili baadaye msimu mzima ukafutwa, na siku mbili nyingine kocha mkuu akaachishwa kazi. Mwezi Juni mwaka huo chuo kikakubali kulipa dola milioni 8 kumaliza shauri la wachezaji wawili na mzazi wa mmoja wao. Ndani ya kikosi hicho kulikuwa na wachezaji ambao hakuna aliyewataja. Walipoteza msimu wao pia.

Kwa hiyo jibu la kipa wa Newala ni hili: hajaambiwa ana kosa. Ameondolewa uwanjani kwa sababu uwanja wenyewe umegeuka eneo la uchunguzi. Jibu hilo ni sahihi, na bado lina tundu.

Tahadhari inayouma kama adhabu

Tundu lenyewe ni muda. Mashindano ya vyuo hayamsubiri mtu. Ratiba ikitoka, timu isiyofika inapoteza pointi, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hana mwakani. Kuna kijana ambaye nafasi yake pekee ya kuonekana na klabu kubwa ni siku ile chuo chake kitakapocheza kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona au wa Ilulu mbele ya mtu mwenye daftari. Mwambie kwamba hii ni hatua ya tahadhari tu na haijamhukumu. Atakuitikia kwa adabu, lakini msimu wake umekwenda.

Wanafunzi wanaopinga hatua hizi hupenda kutaja Katiba, na wengi hutaja kipengele kisichowasaidia. Ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Kamati ya nidhamu ya chuo haimshtaki mtu kwa jinai, kwa hiyo mlango huo ni mwembamba. Kipengele chenye nguvu ni kile cha juu yake, (a), kinachosema kwamba haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama "au chombo kinginecho kinachohusika", mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufaa. Kamati ya nidhamu ni chombo. Na aliyeumizwa naye asisahau kwamba ana kipengele chake hapo hapo, (e), kinachopiga marufuku mtu kuteswa au kupewa adhabu za kumtweza na kumdhalilisha.

Ukisoma vipengele hivyo pamoja unapata kipimo cha tangazo la ubaoni. Kusimamisha kwanza na kusikiliza baadaye kunakubalika pale penye hatari ya kweli, lakini "baadaye" lazima iwe na tarehe. Tangazo linalosema "hadi uchunguzi utakapokamilika" bila kusema hatua itapitiwa upya lini limeshaanza kuwa adhabu, hata kama aliyelisaini hakukusudia. Wiki mbili, kisha kikao cha kuamua kama kuna sababu ya kuendelea: hilo mtu analielewa. Pia liseme wazi nini kimesimama na nini hakijasimama. Masomo yanaendelea? Mchezaji anaruhusiwa kufanya mazoezi peke yake? Timu ya netiboli, ambayo haihusiki, itasafiri? Nimeona matangazo ya vyuoni, ya mambo mengine kabisa, yanayoandikwa kana kwamba msomaji anaishi kichwani mwa mwandishi.

Tena si kila tuhuma inadai timu nzima. Ikiwa mgeni mmoja anamlalamikia mchezaji mmoja kwa tukio moja, na watu walioliona wanasema bila kusita, anayepaswa kukaa pembeni ni yule mmoja. Kuwaweka 25 benchi kwa tuhuma iliyokwisha kujulikana mhusika wake ni uvivu wa uongozi. Ni kuwatupia wanafunzi wenyewe kazi ya kumbana mwenzao. Timu nzima isimamishwe pale dalili zinapoonyesha kuwa ni desturi: wakubwa wengi walikuwepo, viongozi wa timu walijua, na mwaka jana kulitokea kitu kama hicho.

Haraka nayo ina bei yake. Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kiliajiri wakili wa nje kuchunguza timu yake ya mpira wa Kimarekani, na Julai 7, 2023 kikatangaza kwamba kocha mkuu Pat Fitzgerald amesimamishwa wiki mbili bila mshahara. Kesho yake gazeti la wanafunzi likachapisha maelezo ya mchezaji wa zamani yaliyochafua hali ya hewa. Julai 10 kocha akafukuzwa. Akafungua shauri akidai dola milioni 130. Pande hizo zilipomalizana Agosti 2025, chuo kilikiri kwamba ushahidi uliokusanywa haukuthibitisha kuwa kuna mchezaji aliyemripotia kocha vitendo hivyo, wala kwamba kocha aliviridhia au kuviagiza. Kumbuka hapo kwamba chuo hakikusema vitendo havikuwepo. Uonevu unaweza kuwa kweli na kocha akawa hajui, ingawa kwa maoni yangu mwalimu wa michezo anayelala mbali na timu yake safari nzima anapaswa kuulizwa kwa nini hajui.

Ofisi ya mlezi na kituo cha polisi

Watu huchanganya mambo mawili hapa. Kamati ya chuo inaamua kama mwanafunzi amevunja kanuni za chuo, na adhabu yake kubwa ni kumfukuza. Haifungi mtu jela. Polisi na mahakama wanashughulika na jinai, na wao hawana habari na ratiba ya mechi. Njia hizi mbili zinaweza kwenda sambamba, na moja haifuti nyingine. Kamati ikimwachia mtuhumiwa kwa kukosa ushahidi wa kuiridhisha, polisi bado wanaweza kuendelea. Na mahakama ikimwachia kwa sababu jinai inataka uthibitisho usioacha shaka ya msingi, chuo bado kinaweza kumwadhibu kwa kanuni zake.

Majimbo zaidi ya 40 ya Marekani yana sheria zinazotaja uonevu huu kama kosa linalojitegemea. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, haina kifungu cha namna hiyo, na kuna wanafunzi wanaodhani kwa hiyo hakuna kosa. Mkanda mgongoni una kifungu chake: shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, linaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5. Kumvua mtu nguo na kumshika bila ridhaa kunaingia kwenye makosa ya kujamiiana, ambayo ni mazito zaidi. Anayerekodi na kusambaza video ajue kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Na kuna jambo la kwetu zaidi kuliko la Marekani: vyuo vingi vya Mtwara na Lindi huchukua wanaotoka kidato cha nne, wengine wana miaka 17. Huyo kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ni mtoto. "Alikubali mwenyewe" ya mtoto haifiki popote.

Aliyeumizwa aanzie wapi? Kama ana jeraha, apite kituo cha polisi achukue PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo kwa daktari, kisha hospitali, iwe Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi. Kama hali ni mbaya aanze na hospitali, fomu itafuata. Kazi ya PF3 ni kuandikwa na daktari: alama tatu za mkanda mgongoni, upana huu, umri wa jeraha huu. Baada ya siku kumi alama zimepona, na kilichobaki ni neno la njuka dhidi ya maneno ya kikosi. Ujumbe wa simu asiufute hata ukimtia aibu. Auhifadhi, na simu aibebe mwenyewe. Penye udhalilishaji wa kijinsia lipo Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na vyuo kadhaa vina dawati lao.

Kikwazo kikubwa mara nyingi hakitoki kwa mtuhumiwa. Hutoka kwa watu wazima wenye nia njema. Mjomba anapiga simu: "Mwanangu, hao ni wenzio, mtakutana kazini." Mwalimu anasema yamalizwe ndani, jina la chuo lisichafuke. Waziri wa Michezo wa serikali ya wanafunzi (na hawa mawaziri huwa na haraka kuliko wale wa Dodoma) anatoa tamko la kulaani kufutwa kwa safari kabla hajauliza mgeni yuko wodi gani. Kuyamaliza ndani kuna heshima yake katika mambo mengi ya kwetu. Hapa kunamwacha yule yule mwenye mkanda akiwapokea wageni wa mwakani.

"Mbona jando tulipita?"

Hoja hii Kusini haikwepeki. Katika mikoa ambako Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwera wamelea vijana wao kwa jando na unyago vizazi na vizazi, mtu atakuambia kwamba maumivu kidogo na siri ndivyo vinavyomtoa mtu utotoni, na kwamba timu inafanya lile lile kwa namna yake. Wengine huongeza JKT: kuruta hakuulizwa anapenda nini.

Tulitazame jando lenyewe basi. Mzazi anajua na ndiye aliyempeleka mtoto. Ngariba anajulikana kwa jina na kwa ukoo, kungwi vilevile. Likitokea baya kijiji kinajua kwa kwenda. Kuna mafundisho, yanayotolewa na watu walioishi. Kuna siku ya kutoka, kwa ngoma na nguo mpya, na baada ya siku hiyo hakuna anayemdai kijana kitu. Tena jando halichuji. Hakuna anayerudishwa nyumbani nusu mtu kwa sababu wakubwa hawakumpenda. Hata hivyo jando lina lawama zake, za watoto kukosa vipindi na za visu visivyo salama, na wazee wengi wameshakubali kuwapeleka vijana hospitali kwa sehemu ile ya kisu.

Kule darasani kwenye magodoro, aliyefundwa mwaka jana ndiye kungwi mwaka huu. Ana miaka 22. Hakuna mzazi aliyempa mtoto. Hakuna anachofundisha zaidi ya kuvumilia, na likiharibika wa kwanza kukimbia ni yeye. Kuruta wa JKT naye ana afande mwenye cheo, mwenye jina kifuani na mkubwa juu yake wa kumwajibisha. Nahodha wa timu ya chuo ana nini?

Kinachoifanya desturi hii iendelee kimeelezwa tangu 1959, wanasaikolojia Elliot Aronson na Judson Mills walipofanya jaribio na wanafunzi wa kike wa chuo. Waliopitishwa kwenye jaribu la kuaibisha kabla ya kuruhusiwa kuingia kwenye kundi la mjadala walilipenda kundi hilo kuliko walioingia kirahisi, ingawa mjadala wenyewe ulikuwa umeandaliwa uwe wa kuchosha. Mtu akishalipia kitu kwa aibu, hujishawishi kwamba kilistahili bei hiyo. Kwa hiyo mchezaji wa mwaka wa pili anayesema "mimi nilipita, na nashukuru" huenda hadanganyi. Anashukuru kweli. Mchunguzi asimwone ni mkaidi. Amuulize tu alichofanyiwa, kitu kimoja kimoja.

Timu ikirudi

Uchunguzi ukiisha kuna mawili. Tuhuma zisipothibitika, chuo kinadaiwa tangazo lingine, kubwa kama lile la kwanza na mahali pale pale, linalosema hivyo. Mara nyingi timu huruhusiwa kimyakimya, na jina la "wale wanyanyasaji" linabaki kwa wachezaji mpaka wanahitimu.

Zikithibitika, adhabu ziwe za watu kwa majina na vitendo vyao, na hapo kipa wa Newala anatakiwa awe ameshatoka kwenye hesabu. Masharti ya timu kurudi ndiyo hubaki ya pamoja: mtu mzima kulala na timu safarini, wageni kutolazwa chumba kimoja na wakubwa, kikosi kupangwa na mwalimu peke yake, kiingilio cha aina yoyote kufutwa. Marekani sasa inavitaka vyuo viweke hadharani orodha ya makundi yaliyokutwa na makosa hayo, ili mzazi aisome kabla hajampeleka mwanawe. Hakuna kinachozuia chuo cha huku kufanya hivyo kwa hiari, ila aibu.

Linalosahaulika ni njuka aliyesema. Timu imerudi mazoezini, wavu wa mipira umetoka stoo, na yeye bado ana haki ya namba yake. Mwalimu akimwambia apumzike kwanza mpaka watu wapoe, amemwadhibu mtu pekee ambaye uchunguzi haukumkuta na kosa. Kamati yenye akili huandika jina lake kwenye uamuzi: arudi lini, nani atamfuatilia, na akikosa namba kwa wiki tatu mfululizo mwalimu aeleze kwa maandishi ni kwa sababu gani ya kimpira.